Sonona kwa Wazee Wenye Demensia: Hoja Dhidi ya Kidonge cha Kwanza

Tangu Shirika la Afya Duniani lizindue mpango wake wa mhGAP mwaka 2008, hoja moja imetawala mijadala ya afya ya akili katika nchi zetu: wagonjwa ni wengi, madaktari bingwa ni wachache, na wengi wanaougua hawatibiwi kabisa. Suluhisho linalopendekezwa ni kumfundisha tabibu wa zahanati na muuguzi wa kituo cha afya kutambua dalili, kufuata mwongozo na kuanza matibabu papo hapo. Kwa kifafa, hoja hiyo haina mpinzani wa maana. Kwa kijana aliyepatwa na saikosisi, ni hoja inayookoa maisha. Ugomvi wangu nayo unaanzia pale inapochukuliwa nzimanzima na kuvikwa mzee wa miaka sabini na kitu ambaye kumbukumbu zimeanza kumponyoka na ambaye, kwa maelezo ya wanawe, siku hizi hana raha.

Mzee huyo anapofika kituoni, mambo mawili hutokea kwa urahisi. Kwanza, unyamavu wake, kukosa usingizi, kukataa chakula na kulia ovyo huhesabiwa kuwa dalili za sonona, na kweli huenda ni sonona. Pili, rafu ya dawa huamua matibabu. Katika vituo vingi vya ngazi ya chini, dawa ya sonona iliyopo ni amitriptilini. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977, ni ya bei nafuu, na kila mhudumu anaijua kwa sababu huitumia pia kwa ganzi ya miguu ya wenye kisukari na kwa wasiopata usingizi. Fluoksetini iliingia katika orodha hiyo miaka thelathini baadaye, na hadi leo haijaizoea njia ya kwenda vijijini.

Dai ninalolitetea hapa lina mipaka yake. Nasema kwamba kwa mzee mwenye demensia ambaye hayuko katika hatari ya kujiua au kufa kwa kukataa chakula, dalili za sonona peke yake si sababu ya kutosha kumwanzishia dawa za sonona katika ngazi ya msingi. Na kwamba amitriptilini isiwe kidonge chake cha kwanza kwa hali yoyote. Sehemu ya kwanza ya dai hili inategemea ushahidi wa majaribio. Ya pili inategemea kemia ya ubongo, na sioni inavyoweza kupingwa.

Juu ya ukubwa wa tatizo, hakuna haja ya kubishana sana. Kundi la utafiti la 10/66 lilijipa jina hilo kutokana na hesabu ya aibu: theluthi mbili ya watu wenye demensia duniani waliishi katika nchi zinazoendelea, ilhali utafiti uliowahusu haukufika hata asilimia 10 ya utafiti wote. Tanzania imefanya zaidi ya sehemu yake kurekebisha hesabu hiyo. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walifikiwa katika vijiji sita, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kiwango cha demensia cha asilimia 6.4 baada ya kusawazisha umri. Hicho ni kiwango kisicho mbali na vya nchi tajiri. Kwa hiyo ile imani ya kale kwamba maradhi haya ni ya Wazungu haina pa kusimama tena. Wala hakuna anayekataa kwamba demensia huja na mizigo mingine ya akili: sonona, wasiwasi uliopitiliza, shuku, kuona watu wasiokuwepo, kutangatanga usiku. Auguste Deter, mgonjwa ambaye Alois Alzheimer alimpokea Frankfurt mwaka 1901 na ambaye kwa kumbukumbu zake ugonjwa huu ulipata jina, alianza na wivu mkali dhidi ya mume wake. Akili iliyovurugika na kumbukumbu zilizopotea zimekuwa pamoja katika maandishi ya fani hii tangu ukurasa wa kwanza.

Makubaliano yanaishia hapo.

Kishawishi cha kujaribu dawa ili kuona

Mwaka 1961 daktari wa magonjwa ya akili L. G. Kiloh aliandika makala mashuhuri kuhusu wagonjwa walioonekana kuwa na demensia kumbe wana maradhi mengine, sonona ikiwemo, na waliotibiwa wakapata nafuu. Makala hiyo ilikuwa na faida kubwa: iliwazuia madaktari wasimkatie tamaa kila mzee anayesahau. Lakini ilizaa pia mazoea ambayo bado yanafundishwa. Mazoea hayo yanasema: kama huna hakika, mpe dawa ya sonona, kumbukumbu zikirudi, ilikuwa sonona, zisiporudi, ni demensia. Dawa imegeuzwa kipimo.

Kipimo hicho hakipimi. George Alexopoulos na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1993, waliwafuatilia wazee waliolazwa kwa sonona. Baadhi yao walikuwa na usahaulifu uliotoweka sonona ilipotibiwa. Wengine hawakuwa na usahaulifu tangu mwanzo. Baadaye demensia ya kweli iliwapata asilimia 43 ya kundi la kwanza, dhidi ya asilimia 12 ya kundi la pili. Maana yake, wazee ambao kumbukumbu zao zilirudi kwa dawa, ambao kwa mazoea yale wangeruhusiwa kwenda nyumbani wakiwa wamesafishwa jina, ndio hasa waliopaswa kufuatiliwa.

Wapo pia wanaosema kwamba kwa kuwa sonona imeorodheshwa miongoni mwa vihatarishi vya demensia, kama ilivyo katika ripoti za Tume ya Lancet, kuitibu kwa wazee kutapunguza demensia. Hoja inavutia, na wanaotafuta fedha za miradi wanaipenda. Lakini utafiti wa Whitehall II wa Uingereza uliwafuatilia watu 10,189 kwa miaka 28, na ulipochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba dalili za sonona katika umri wa kati hazikuhusiana na demensia. Tofauti kati ya waliokuja kupata demensia na wasioipata ilianza kujitokeza kama miaka 11 kabla ya ugonjwa kutambuliwa. Tafsiri iliyo rahisi zaidi ni kwamba sonona ya uzeeni, angalau kwa baadhi, ni hatua ya mwanzo ya demensia yenyewe. Anayeahidi kuzuia demensia kwa kutibu hatua yake ya mwanzo kwa dawa ya sonona ana deni la ushahidi ambao bado hajaulipa.

Ugumu mwingine ni wa utambuzi. Katika demensia kuna hali ya kuishiwa ari: mzee haanzishi mazungumzo, haendi shambani, hajali kikao cha ukoo, anakaa alipokalishwa. Hali hiyo inawaumiza watoto kuliko inavyomuumiza yeye, maana ukimuuliza kama ana huzuni atasema hana, na pengine ni kweli. Inatokana na kuharibika kwa sehemu za mbele za ubongo na njia zinazoziunganisha na sehemu za ndani. Vipimo vya sonona, vinavyouliza kuhusu kupoteza hamu, kuchoka, kupungua uzito na kulala vibaya, humpatia mzee huyo alama nyingi bila huzuni yoyote. Mwaka 2002 jopo la wataalamu wa Marekani, Jason Olin akiwa mwandishi wa kwanza, lilipendekeza vigezo maalumu vya sonona ya Alzheimer: dalili tatu badala ya tano zinazotakiwa kwa watu wengine, na kuongezwa kwa hasira za haraka na kujitenga. Nia ilikuwa njema, ila kizingiti kilichoshushwa hupitisha wengi, wakiwemo walioishiwa ari tu.

Tena kuna maumivu. Mzee aliyepoteza maneno hawezi kusema goti linauma. Hukunja uso, hukataa kuogeshwa, hulia, humpiga mkwewe. Huko Norway, Bettina Husebo na wenzake waliwagawa kwa nasibu wakazi 352 wa nyumba za wazee, wote wakiwa na demensia na tabia za fujo. Kundi moja likatibiwa maumivu kwa hatua, wengi wao kwa parasetamoli tu. Baada ya wiki nane fujo zilikuwa zimepungua kwa wastani wa asilimia 17. Parasetamoli! Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2011. Sijui mwongozo wa mafunzo ya afya ya akili wa ngazi ya msingi, kati ya niliyoisoma, unaotoa kwa goti la mzee nafasi sawa na ile unayoitoa kwa orodha ya dawa za sonona.

Jaribio la mwaka 2011

Mwaka huohuo, jarida la Lancet lilichapisha jaribio ambalo, kwa maoni yangu, lilipaswa kuwa limeshabadilisha mafunzo yetu. Linajulikana kwa kifupi kama HTA-SADD, na liliongozwa na Sube Banerjee. Nitalieleza kwa kirefu kwa sababu hutajwa mara nyingi kwa sentensi moja na nusu, kisha hupitwa.

Washiriki walikuwa 326, kutoka huduma tisa za afya ya akili ya wazee nchini Uingereza. Wote walikuwa na Alzheimer ya hakika kiasi au inayodhaniwa, pamoja na sonona iliyodumu wiki nne au zaidi, na walipata alama 8 au zaidi katika kipimo cha Cornell. Kipimo hiki, kilichotungwa na Alexopoulos huyohuyo mwaka 1988, hakimtegemei mgonjwa peke yake. Humuuliza pia anayemtunza, kwa vipengele 19 vyenye jumla ya alama 38. Washiriki waligawanywa kwa nasibu katika makundi matatu: 107 walipewa sertralini, 108 mirtazapini, na 111 kidonge kitupu kisicho na dawa ndani yake. Si mgonjwa wala mtafiti aliyejua nani anameza nini. Dozi hazikuwa za mzaha: zilipandishwa hadi miligramu 150 za sertralini na 45 za mirtazapini pale mgonjwa alipoweza kustahimili.

Baada ya wiki 13, alama za sonona zilishuka katika makundi yote matatu. Waliomeza sertralini walishuka kwa wastani wa alama 3.9. Wa mirtazapini, 5.0. Waliomeza kidonge kitupu walishuka kwa 5.6. Hakukuwa na tofauti ya kitakwimu kati ya dawa na kidonge kitupu, na hali ilikuwa hivyohivyo katika wiki ya 39. Kilichotofautiana ni madhara: asilimia 26 ya waliomeza kidonge kitupu walipata madhara, dhidi ya asilimia 43 ya wa sertralini na 41 ya wa mirtazapini.

Wasomaji wengi husoma matokeo hayo na kusema dawa zimeshindwa. Ndiyo, zimeshindwa. Lakini tazama upya kundi la kidonge kitupu. Watu waliokuwa na sonona kwa mwezi mzima au zaidi, wenye ugonjwa wa ubongo usiorudi nyuma, walipata nafuu ya alama 5.6. Ni nini kiliwapata? Walikuwa chini ya huduma za kawaida za afya ya akili ya wazee. Mtu alimuuliza binti yao anavyoendelea. Mtu alisikiliza habari za usiku. Kulikuwa na tarehe ya kurudi. Waandishi wenyewe walikiri kwamba huenda huduma hiyo ya kawaida ndiyo iliyofanya kazi.

Mpinzani makini ataniambia hapa kwamba watu huandikishwa katika majaribio wakiwa katika hali mbaya zaidi, hivyo lazima wapungue kuelekea wastani wao hata wasipofanyiwa chochote. Hoja hiyo ina nguvu na siwezi kuikwepa. Sehemu ya zile alama 5.6 ni mwendo wa kawaida wa ugonjwa unaopanda na kushuka. Hata hivyo, chagua maelezo yoyote unayotaka, huduma au mwendo wa ugonjwa, au vyote viwili; hakuna hata moja linalokirudishia kidonge nafasi yake. Kama wazee wanapata nafuu kwa kupita kwa muda, hapo tena sababu ya kuharakisha dawa inazidi kudhoofika.

Je, jaribio hilo liko peke yake? Halipo peke yake. Lilitanguliwa na DIADS ya Marekani, yenye washiriki 44 tu, iliyochapishwa mwaka 2003 na kuonyesha kwamba sertralini inafaa sana. Matumaini mengi yalijengwa juu ya watu hao 44. Timu hiyo, kwa uaminifu wa kisayansi unaostahili sifa, ilirudia kwa washiriki 131 katika DIADS-2, na mwaka 2010 ikaripoti kwamba faida haikuonekana. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2018, yaliyojumlisha tafiti kumi zenye wagonjwa 1,592, yalifikia hitimisho kwamba dawa za sonona huleta tofauti ndogo au hazileti kabisa katika alama za sonona za watu wenye demensia. Halafu mwaka 2021 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi mkubwa wa tafiti 256 zenye watu 28,483: mazoezi ya kuchangamsha akili, mazoezi ya mwili yanayoendana na maongezi, kukumbushana ya zamani, kukandwa na kuguswa, na uangalizi wa timu ya wataalamu mbalimbali vilipunguza dalili za sonona kuliko huduma ya kawaida. Dawa peke yake hazikufua dafu.

Kemia isiyo na siasa

Hadi hapa nimezungumzia sertralini na mirtazapini, dawa ambazo wengi wa wazee wetu hawatazipata kamwe. Amitriptilini ni mbaya zaidi, na ubaya wake hauhitaji jaribio la miaka mitano kuuona.

Katika Alzheimer, mojawapo ya hasara kubwa na za mapema ni kufa kwa seli zinazotengeneza asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huitumia katika kuzingatia na kukumbuka. Jambo hilo lilibainika katika miaka ya 1970, na ndilo lililozaa dawa kama donepezili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996, ambayo kazi yake ni kuzuia asetilikolini iliyobaki isivunjwevunjwe haraka. Amitriptilini hufanya kinyume. Huziba vipokezi vya asetilikolini, na ndiyo maana hukausha mdomo, hufunga choo, huzuia mkojo kwa wanaume wenye tezi dume iliyovimba, hutia ukungu machoni, na kwa mzee huchanganya akili. Kumpa dawa hii mwenye Alzheimer ni kuziba mfereji uleule ambao maji yake yameshapungua. Vigezo vya Beers, vilivyoanzishwa Marekani mwaka 1991 na vinavyotumika duniani kukagua dawa za wazee, vinaitaja miongoni mwa dawa za kuepukwa, na vinasisitiza zaidi kwa wenye demensia.

Amitriptilini haiji peke yake. Mzee mmoja anaweza kuwa anameza amitriptilini ya ganzi usiku, Piriton aliyoinunua mjukuu duka la dawa kwa ajili ya mafua au kuwashwa, na prometazini ya kichefuchefu. Akiwa amewahi kupewa haloperidoli au klorpromazini kwa sababu ya fujo za usiku, huenda ameongezewa benzheksoli ya kuzuia kukakamaa. Zote hizo, kwa viwango tofauti, huziba vipokezi vilevile. Hakuna aliyekusudia kumdhuru. Kila moja ilikuwa na sababu yake siku ilipoandikwa. Lakini jumla yake ni mzee anayeambiwa kwamba demensia yake inakimbia.

Kuhusu madhara ya muda mrefu nitakuwa mwangalifu zaidi. Uchunguzi wa Uingereza uliochapishwa katika BMJ mwaka 2018, ukilinganisha watu 40,770 waliopata demensia na wengine 283,933 wasioipata, ulikuta uhusiano kati ya demensia na matumizi ya nyuma ya dawa za sonona zenye nguvu ya kuziba asetilikolini, amitriptilini ikiwemo. Uhusiano si chanzo. Na kama sonona ya uzeeni ni hatua ya mwanzo ya demensia, kama nilivyodai juu, basi inawezekana dawa ilifuata ugonjwa badala ya kuuleta. Siwezi kutumia Whitehall dhidi ya wapinzani wangu kisha niifiche inaponibana mwenyewe. Ila mkanganyiko wa akili wa wiki ya kwanza, kuanguka usiku ukielekea chooni, na kuziba kwa mkojo havihitaji uchunguzi wa watu laki tatu.

Niongeze neno moja kuhusu dawa za saikosisi, ingawa zinastahili makala yake. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kwamba dawa mpya za kundi hilo huongeza vifo kwa wazee wenye demensia, na mwaka 2008 onyo likapanuliwa kwa dawa za zamani, haloperidoli ikiwemo. Mzee anayeona watoto wadogo chumbani jioni anaweza kuwa na demensia ya Lewy, na kwa mgonjwa wa aina hiyo haloperidoli inaweza kumkakamaza hadi kifo. Anaweza pia kuwa na mtoto wa jicho tu, kwa kuwa macho yasiyopata nuru ya kutosha huufanya ubongo ujichoree picha. Katika mikoa ambako vikongwe wenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, bibi anayesema anaona watu wasioonekana na wengine yuko katika hatari inayozidi ugonjwa wake, na upasuaji wa macho kwake ni suala la ulinzi.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni la mahali. Uingereza si Hai. Kundi la kidonge kitupu lilipata nafuu kwa sababu lilizungukwa na wauguzi. Mzee wa Machame anayeletwa mara moja na mkwewe kwa bodaboda hana cha kumzunguka, kwa hiyo apewe angalau kidonge. Ninaikubali nusu ya kwanza ya hoja hii na kuikataa ya pili. Kidonge hakikuongeza chochote pale penye huduma, wala hakuna jaribio linaloonyesha kwamba kinaongeza kitu pale pasipo na huduma. Kinachoongezeka pasipo na huduma ni madhara, maana hakuna wa kuyagundua mapema.

Isitoshe, Hai imeshaonyesha kwamba huduma inawezekana. Mazoezi ya kuchangamsha akili kwa vikundi, yaliyobuniwa London na Aimee Spector, Martin Orrell na wenzao na kujaribiwa kwa watu 201 katika utafiti wa mwaka 2003, yalirekebishwa ili yawafae wazee wa Kilimanjaro, wengi wao wakiwa hawakukaa sana darasani. Mpango ni vikao 14 katika wiki saba. Stella-Maria Paddick na wenzake waliuendesha Hai kwa washiriki 34, na mwaka 2017 waliripoti kuimarika kwa uwezo wa akili, kupungua kwa wasiwasi na kupungua kwa tabia sumbufu. Watu 34 ni wachache. Nimeshalalamika juu ya matumaini yaliyojengwa kwa watu 44, na haki inataka kipimo kilekile hapa. Tena matokeo yaliyo imara ni ya wasiwasi na tabia, hivyo nisiyavute hadi kwenye sonona. Tofauti ni kwamba vikao havikaushi mdomo wala kuangusha mtu usiku. Kosa likitokea, gharama yake ni muda.

Muda wa nani? Swali hilo wapinzani hawaliulizi, nami nitaliuliza. Mzee wa Hai analelewa na mke, binti aliyeitwa kutoka mjini aache biashara yake, au mkwe. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitaja familia kuwa ngome ya matunzo, na wanasiasa hupenda kuirudia kauli hiyo kwa sababu haigharimu hazina hata senti. Kipimo cha Cornell, tukumbuke, kinategemea maelezo ya anayetunza. Binti ambaye hajalala kwa miezi atamwona baba yake ana huzuni zaidi ya ilivyo, na kidonge kinachomlaza mzee saa mbili usiku kitaonekana kimetibu sonona. Nashuku kwamba sehemu kubwa ya sifa njema ya amitriptilini inatoka hapo: inamlaza mgonjwa, na mtunzaji anapumzika. Haja ya mtunzaji ni halali kabisa, ila itimizwe kwa njia isiyomharibia mgonjwa akili.

Pingamizi la pili ni la wagonjwa mahututi. HTA-SADD haikuwapokea waliokuwa katika hali ya hatari, wale wa kujiua kwa mfano, kwa hiyo haiwezi kutuambia la kufanya nao. Sahihi. Mzee anayekataa chakula na maji, au aliyeonekana na kamba, apelekwe hospitali apate dawa, na pale inapowezekana tiba ya umeme. Vilevile aliyekuwa na sonona inayojirudia tangu ujana na kuitikia dawa, asinyang'anywe dawa hiyo kwa sababu tu amezeeka. Dai langu halikuwagusa hao tangu mwanzo.

Kwa waliobaki, ambao ndio wengi, ningependekeza utaratibu ufuatao katika hospitali za wilaya zenye dirisha la wazee. Familia itakiwe kuleta mfuko mzima wa dawa, pamoja na za dukani na za mitishamba, na kila inayoziba asetilikolini ipunguzwe taratibu kwanza. Kisha maumivu, masikio, macho, damu, tezi ya shingo, kaswende na VVU viangaliwe, na kama mabadiliko yamekuja ndani ya siku chache, yachukuliwe kuwa mkanganyiko wa ghafla wenye chanzo cha mwili mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mabaraza ya wazee, ambayo yapo tayari, yaombwe kupokea vikao vya kuchangamsha akili. Baada ya hayo yote, kama huzuni bado ipo na mzee mwenyewe anaisema, fluoksetini au sertralini ijaribiwe, na siku ya kuanza iandikwe pia tarehe ya kuiacha isipoleta nafuu ndani ya wiki 13.

Nitakwenda mbali zaidi ya ushahidi wangu kwa hatua moja. Naamini amitriptilini inapaswa kuondolewa kabisa katika matibabu ya ngazi ya zahanati kwa yeyote mwenye miaka 60 na zaidi anayelalamikiwa usahaulifu, hata ikiwa inatolewa kwa ganzi. Wafamasia wa mikoa watasema hakuna mbadala wa bei hiyo, na kwa ganzi huenda wana hoja. Basi na ijaribiwe: wazee wenye demensia wanaotumia amitriptilini katika wilaya mbili au tatu wagawanywe kwa nasibu, nusu waachishwe taratibu, nusu waendelee, na wote wapimwe baada ya wiki 13 kwa kipimo cha Cornell na kwa kipimo cha IDEA, ambacho kilitengenezwa Hai kwa ajili ya wazee wasiosoma. Kuanguka na kuziba kwa mkojo kuhesabiwe, na usingizi wa mtunzaji upimwe pia, maana bila hilo hatutajua nani hasa alikuwa anatibiwa.